Msamaha wa gharama za matibabu: tuliyoyapitia tukimuuguza baba mdogo Mbeya

Wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tunajua kwamba mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na mgonjwa wa kifua kikuu hawatozwi fedha katika hospitali za serikali. Tusichokijua vya kutosha ni kwamba mtu mzima asiyekuwamo katika kundi lolote la namna hiyo, lakini ambaye kwa kweli hana uwezo wa kulipa, naye anaweza kuomba msamaha. Msamaha wake hautokani na umri wala aina ya ugonjwa, bali hutokana na hali ya kaya yake, na hali hiyo ni lazima ithibitishwe kwa maandishi. Mwaka 2022 nilisimamia matibabu ya baba yangu mdogo katika hospitali moja ya rufaa mjini Mbeya, na ninaandika haya kwa ajili ya wale ambao kesho watajikuta wamesimama mahali tuliposimama sisi, wakiwa na mgonjwa wodini na ankara wasiyoweza kuilipa.

Baba mdogo ni mkulima wa viazi mviringo na pareto katika milima ya Umalila. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 56. Kwa miaka mingi alikuwa na ngiri, uvimbe kinenani ambao aliurudisha ndani kwa mkono na kuubana kwa kitambaa ili aweze kulima. Zahanati walimshauri mara kadhaa aende hospitali akafanyiwe upasuaji, naye kila mwaka aliahirisha kwa sababu zile zile ambazo kila mkulima anazijua: ada ya mtoto, mbolea, mabati ya nyumba. Mwezi Machi, masika yakiwa yamepamba moto, uvimbe uligoma kurudi. Akaanza kutapika, tumbo likajaa, na kufikia jioni hakuweza kusimama. Utumbo ukinaswa ndani ya ngiri hukosa damu, na usipowahiwa sehemu iliyonaswa huanza kufa. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Madaktari walimwingiza chumba cha upasuaji usiku ule ule bila kusubiri fedha yetu, wakakata sehemu ya utumbo iliyokuwa imeharibika na kuunganisha ncha zilizobaki. Waliokoa maisha yake, na hilo nalisema kabla ya jambo jingine lolote.

Kidonda kilipata usaha, kwa hiyo hakutoka mapema kama tulivyotarajia. Kila siku aliyolala iliongeza kitanda, dawa, vifaa vya kusafishia kidonda na vipimo, na kila kipengele kilikuja na kumbukumbu namba yake ya malipo. Mimi ni mwalimu na nina kadi ya bima ya mfuko wa taifa, lakini kadi hiyo inamhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, ambao ni watoto na wazazi. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenisomesha baada ya baba yangu kufariki, hana nafasi ndani yake.

Kwa hiyo tulifanya kile ambacho familia nyingi hufanya. Tulichangishana katika ukoo, nikakopa kwenye kikoba chetu cha walimu, na mama mdogo akauza ng'ombe wa pekee waliyekuwa naye kwa mtu aliyejua kwamba wana mgonjwa na hawana muda wa kungoja bei nzuri. Kufikia hapo tulikuwa tumelipa shilingi 520,000 na ankara ilikuwa bado inapanda. Ninaumia zaidi ninapomkumbuka yule ng'ombe kuliko ninapokumbuka deni langu, kwa sababu aliuzwa kabla hatujamuuliza mtu yeyote kama kuna njia nyingine. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakinunua chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Deni hulipwa likaisha, lakini kaya iliyouza mfugo wake wa mwisho huchukua miaka kununua mwingine.

Aliyetufungua macho ni muuguzi wa zamu ya usiku. Aliniuliza, "Mwalimu, mmeshafika ustawi wa jamii?" Nilikuwa nikiamini kwamba ofisi hiyo hushughulikia watoto waliotelekezwa na ugomvi wa ndoa. Akanieleza kwamba kila hospitali ya rufaa ina ofisa ustawi wa jamii, na kwamba mojawapo ya kazi zake ni kupima hali ya mgonjwa asiyeweza kulipa na kupeleka mapendekezo kwa uongozi wa hospitali. Ukipata nafasi ya kusoma sehemu moja tu ya andiko hili, basi soma hapa: ofisi hiyo iendeeni siku ile ile mgonjwa anapolazwa. Msamaha unaoombwa mapema humwezesha ofisa kufuatilia ankara tangu mwanzo. Ukiombwa siku ya kuruhusiwa, mgonjwa hubaki kitandani akisubiri uamuzi, na katika baadhi ya hospitali kitanda hicho nacho kinaendelea kuhesabiwa.

Ofisa aliyetupokea alikuwa binti mdogo kwa umri, lakini mtulivu na mwenye kusikiliza. Alinieleza mfumo kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia ikielezwa popote. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza nchini mwaka 1993, na tangu wakati huo imekuwapo misamaha ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya makundi yaliyotajwa na sera: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma, UKIMWI na magonjwa ya akili, pamoja na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Hapo kwa wazee watu wengi hukosea, kwa sababu hudhani kwamba umri peke yake unatosha. Mzee anatakiwa awe ametambuliwa na serikali ya kijiji au mtaa wake kuwa hana uwezo na kupewa kitambulisho cha matibabu, na utambuzi huo haufanyiki hospitalini wakati mzee ameshazidiwa. Mwenye baba au mama wa umri huo amalize jambo hilo kwa mtendaji wakati mzee bado ana nguvu za kutembea.

Aina ya pili ndiyo iliyotuhusu. Hiyo ni kwa mtu yeyote ambaye hali yake haimruhusu kulipa, hata kama hayumo katika kundi lolote. Haitolewi kwa kundi zima wala haidumu, bali huombwa kwa ugonjwa husika, hupimwa, na inaweza kufuta gharama yote, kufuta sehemu, au kukataliwa. Kipimo chake kinategemea uthibitisho kutoka serikali ya kijiji.

Mtoto wa shangazi alipanda pikipiki hadi kijijini, katika barabara ambayo wakati wa masika hata pikipiki husukumwa, akarudi na barua ya mtendaji. Barua ilisema kwamba mtajwa ni mkazi wa kijiji hicho, hana uwezo, na inaomba asaidiwe. Ilikuwa na muhuri na sahihi. Ofisa aliisoma, akairudisha mezani taratibu, akasema, "Hapa mtendaji ameniambia alichokiamua, hajaniambia alichokiona. Nikiipeleka kwenye kamati ya hospitali inayoamua misamaha wataniuliza hana uwezo kwa vipi, nami sitakuwa na jibu." Sikumlaumu mtendaji, kwa maana hakuwahi kuonyeshwa barua inayotakiwa ikoje, na sisi hatukumwambia inakwenda kutumika wapi. Lakini ile safari ya pili ya pikipiki ilitugharimu nauli na muda ambao mgonjwa aliutumia kuongezewa ankara.

Barua ya pili tuliiomba kwa kueleza kila kinachohitajika, nami nakiandika hapa ili mwingine asirudishwe. Ilitaja idadi ya watu wanaoishi katika kaya na umri wao, ikionyesha wangapi wanasoma na wangapi wanaweza kufanya kazi. Ilitaja ukubwa wa shamba, ekari moja na nusu, na kile kilicholimwa msimu huo. Ilieleza nyumba ni ya aina gani, mifugo iliyopo, na kwamba ng'ombe aliyekuwapo ameuzwa kwa ajili ya matibabu haya haya. Ilieleza madeni. Ilieleza pia kwamba kaya haimo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na ikatoa sababu: wakati mkutano wa kijiji ulipotambua kaya za kuingizwa, baba mdogo alikuwa na nguvu na mifugo, na wanakijiji walimwona kuwa ni mtu anayejiweza. Mwenyekiti wa kitongoji alitia sahihi pamoja na mtendaji wa kijiji, kisha barua ikapitishwa kwa mtendaji wa kata.

Suala la TASAF lilinifundisha jambo ambalo sikulitegemea. Nilidhani kutokuwamo katika mpango huo kungetuangusha, kwa kuwa mtu angeweza kusema kwamba kama kweli wangekuwa maskini wangekuwa kwenye orodha. Ofisa alifafanua kwamba kuwamo ni uthibitisho unaorahisisha kazi yake, lakini kutokuwamo hakumzuii mtu. Orodha ile inaonyesha kaya ilivyokuwa siku ilipotambuliwa, ilhali upasuaji unaweza kuiangusha kaya kwa wiki chache.

Jambo lililotuchukulia muda mrefu zaidi ofisini lilikuwa shamba. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza, kupitia kwa ofisa, inawezekanaje mwenye ekari moja na nusu ya viazi ashindwe kulipa. Swali hilo ni la haki, na kila mkulima anapaswa kujiandaa nalo. Viazi vya baba mdogo vilikuwa bado udongoni. Msimu ule mbolea ilikuwa imepanda bei kupita kiasi, mfuko wa kupandia ukiuzwa zaidi ya shilingi 100,000, na ruzuku ya mbolea ilikuwa bado haijaanza, kwani ilizinduliwa Agosti 8 mwaka huo huo hapa hapa Mbeya kwenye sherehe za Nane Nane. Alikuwa amekopa mbolea kwa mfanyabiashara kwa makubaliano ya kulipa kwa magunia wakati wa mavuno. Kwa hiyo shamba lilikuwapo, lakini sehemu kubwa ya mazao yake ilikuwa imeshapata mwenyewe. Tulileta karatasi ya makubaliano hayo, na nadhani ile karatasi iliyokunjwakunjwa, iliyoandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na watu wawili, ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko maneno yetu yote. Mwenye deni la pembejeo asione aibu kulionyesha.

Kisha likaja swali lililonihusu mimi. "Wewe ni nani kwake, na unafanya kazi gani?" Nilijibu kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake na ni mwalimu wa shule ya msingi. Ofisa akauliza kwa nini mwenye mshahara asilipe. Nilimweleza makato yangu na wategemezi wangu, nikamwonyesha hati ya mshahara na deni la kikoba. Alikubali, ila alitaka amsikilize mama mdogo, kwa sababu kaya inayopimwa ni ile inayopika chungu kimoja na mgonjwa, na anayeifahamu ni yule anayeishi ndani yake. Ushauri wangu ni kwamba msimtume ofisini ndugu mwenye kazi peke yake kwa kuwa tu anajua kuongea na maofisa. Mke au mume wa mgonjwa awepo na azungumze kwa namna yake, hata kama anasitasita. Wakati huo huo, msimfiche ndugu mwenye kipato. Kuna mtu wodini alitushauri tuseme kwamba mgonjwa hana ndugu yeyote mwenye ajira, na tuseme pia kwamba kijana wao mkubwa aliyeko Chunya kwenye machimbo ya dhahabu hajulikani alipo. Tulikataa. Tulisema ukweli kwamba kijana yupo, kwamba anachimba kwa vibarua, na kwamba mwezi ule alituma kiasi kidogo alichokuwa nacho. Uongo mmoja ukigundulika huharibu ombi lote, na zaidi ya hapo humfanya ofisa amtilie shaka mtu anayefuata ambaye hana mtu kweli.

Ninayo maoni yangu juu ya swali hilo la ndugu, nami nayasema waziwazi. Kuna haki kuuliza. Lakini si haki kwamba mgonjwa apoteze msamaha kwa sababu tu amesindikizwa na mtu aliyevaa viatu vizuri. Familia zetu hulishana na kusomeshana, na mshahara mmoja wa mwalimu huwa umeshagawanywa kabla haujafika benki. Ukipima uwezo wa mgonjwa kwa kumtazama aliyemsindikiza, unawafanya ndugu waogope kuonekana wodini, na nimewaona waliokaa nje ya geti wakimtuma mtoto apeleke uji kwa sababu hiyo hiyo.

Kikwazo kingine kilikuwa baba mdogo mwenyewe. Alipopata nguvu za kuzungumza na kuelezwa tunachokifanya, alikataa. "Mwanangu, mimi sijawahi kuomba. Nina shamba, nina mikono. Andika kwamba nitalipa." Alikaa kimya muda mrefu akitazama ukuta, na mama mdogo alitoka nje kulia. Sikumlazimisha. Ofisa alikuja mwenyewe wodini, akamwamkia kwa heshima, akakaa kwenye kiti cha mlezi na kumwambia, "Baba, kodi unayoilipa kwenye mafuta ya taa na kwenye sukari ndiyo inayojenga hospitali hii. Hujaja kuomba kwa mtu." Baba mdogo alimuuliza maswali mengi, kisha akaweka dole gumba. Natamani maofisa wote wangezungumza na wagonjwa kwa lugha ile. Natamani pia kwamba sisi ndugu tungemshirikisha mgonjwa mapema, badala ya kuzungumzia umaskini wake mbele ya dirisha la malipo kana kwamba hayupo.

Ankara ya mwisho ilifika shilingi 1,460,000. Kamati ilisamehe 600,000, ikazingatia zile 520,000 tulizokwisha kulipa, na zilizobaki 340,000 tukaruhusiwa kulipa kwa awamu tatu, mimi nikiwa mdhamini. Wapo waliotuambia tungepata msamaha kamili kama tungefika ofisini tangu siku ya kwanza, kabla ya kuuza ng'ombe na kulipa. Nadhani wana haki, kwani fedha iliyokwisha kuingia hairudishwi, na kaya iliyojinyima hadi ikalipa sehemu huonekana kuwa na uwezo kuliko iliyokuja mikono mitupu.

Msamaha huo pia haukugusa kila kitu. Dawa mbili ambazo hazikuwapo hospitalini tulizinunua duka la dawa mjini kwa fedha taslimu. Chakula cha mlezi, nauli za kutoka Umalila, na vibarua waliopalilia shamba wakati mwenyewe amelala, vyote vilibaki juu yetu. Anayepanga bajeti ya ugonjwa aviweke kando tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna kamati itakayovisamehe. Tena msamaha ulihusu kulazwa kule tu. Aliporudi kusafishwa kidonda, karani alitaka alipie upya, na kilichotusaidia ni nakala ya uamuzi wa kamati tuliyokuwa tumeiomba na kuitunza, ambayo tulirudi nayo kwa ofisa ustawi wa jamii. Ombeni nakala kabla ya kuondoka wodini. Faili la hospitali hamtaruhusiwa kulichukua.

Nimekuwa nikiulizwa kama bima isingetuepusha na haya yote. Wakati ule Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulikuwa unatoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na ulimhudumia mwanachama aliyefuata utaratibu wa rufaa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa fedha hiyo ngiri ya baba mdogo ingeweza kufanyiwa upasuaji miaka mingi nyuma, kabla utumbo haujanaswa. Kaya yake ilikuwa na uwezo wa kulipa 30,000 katika mwezi wa mavuno, na hilo linauma kwa sababu ni kweli. Isipokuwa hakuna mtu aliyefika kitongojini kwao mwezi huo kuwaeleza, na walipoelezwa ilikuwa ni mwezi ambao ndani hakuna hata senti.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ambayo imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo kutoka katika mfuko maalumu. Nimeipokea kwa furaha, lakini ninayo hofu moja, nayo nimeisema katika mkutano wa mtaa wetu na nitaendelea kuisema. Watu kama baba mdogo hawamo miongoni mwa maskini wa kudumu ambao kijiji kinawajua kwa majina. Mwaka wenye mvua nzuri wanajitegemea na wanachangia misiba ya wenzao. Orodha ya wasio na uwezo ikiandaliwa mara moja na kuachwa miaka, jina lake halitakuwamo siku utumbo utakaponaswa, na bima yake huenda itakuwa imekwisha muda kwa sababu viazi vilioza au bei ilianguka. Kwa ajili ya watu hao, ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini inahitaji kubaki na mamlaka ya kupima dhiki ya wakati huo, na orodha za vijijini zinahitaji kupitiwa kila mwaka katika mkutano wa hadhara, ikiwezekana baada ya mavuno, wakati kila mtu anaweza kuona nani amevuna na nani hakuvuna.

Kwa yule ambaye mgonjwa wake amelazwa leo: barua ya kijiji iagizwe asubuhi hii, na anayekwenda kuifuata apewe orodha ya mambo yanayotakiwa kuandikwa, aisome pamoja na mtendaji kabla ya muhuri kugongwa. Mfugo usiuzwe mpaka ofisa ustawi wa jamii awe amezungumza nanyi.